Mahindi yale yale, majibu mawili: ppb 6 na ppb 31

Swali: "Nachanganya chakula cha kuku hapa Buhongwa, Mwanza. Nimenunua magunia 100 ya mahindi, kilo 100 kila gunia, kutoka upande wa Geita. Nilichota nusu kilo kwenye midomo ya magunia manne, kijana wa duka la pembejeo akanipimia kwa kile kipimo cha haraka cha kikaratasi. Sumukuvu ikatoka ppb 6. Sikuridhika, nikapeleka maabara kilo 2 nilizochota kwenye midomo ya magunia 15. Jibu limerudi ppb 31. Mahindi ni yale yale, ghala ni lile lile. Nani kanidanganya? Na haya mahindi niyafanye nini?" Mama mfugaji, Buhongwa.

Jibu: Mama, inawezekana kabisa wote wawili wamekuambia kweli. Kila mmoja alipima alicholetewa, na mifuko miwili uliyowapelekea haikuwa na mahindi ya aina moja, hata kama yametoka ghala moja.

Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus, kuvu zinazotengeneza aflatoksini, yaani hiyo sumukuvu uliyopimiwa, hazikai kwenye mahindi kama chumvi kwenye mchuzi. Zinashika punje iliyotobolewa na mdudu shambani, punje iliyopasuka wakati wa kupura kwa fimbo, au kona ya gunia iliyogusa ukuta wenye unyevu wakati wa masika. Punje ya jirani inabaki safi. Punje moja moja za mahindi zimewahi kupimwa zikakutwa na zaidi ya ppb 400,000. Ppb 1 ni mikrogramu 1 ya sumu katika kilo 1 ya mahindi, kwa hiyo punje ya gramu 0.3 yenye kiwango hicho inabeba mikrogramu 120. Itie kwenye kilo 5 za mahindi safi kabisa, saga, changanya, pima. Utasoma ppb 24. Punje moja.

Sasa chukua mfano wa pili, maana ndio unaojibu swali lako. Tuseme katika shehena yako kuna punje mbovu moja kwa kila punje 10,000, na kila mbovu ina ppb 100,000. Wastani wa shehena nzima ni ppb 10. Nusu kilo ya mahindi ina punje kama 1,700. Ukichota nusu kilo mara mia moja, kama mara 84 hutapata punje mbovu hata moja na utaambiwa mahindi ni safi. Hizo mara 16 zilizobaki utaambiwa ni ppb 60 au zaidi. Hakuna hata mara moja utakayosoma 10, ambayo ndiyo kweli. Ukichota kilo 5 badala ya nusu kilo, nafasi ya kuikosa kabisa punje mbovu inashuka hadi kama 19 kwa mia. Bado si haba, lakini hapo angalau unafanya biashara na si bahati nasibu.

Kutokana na hilo, sampuli ndogo mara nyingi husoma chini ya ukweli, na mara chache husoma juu sana. Watu wengi hulichukulia jibu dogo kuwa la kweli na jibu kubwa kuwa kosa la mashine. Kwa sumukuvu fanya kinyume: jibu dogo la sampuli ndogo ndilo la kutilia shaka. Ukilazimika kutumia majibu yako yote mawili, usichukue katikati ya 6 na 31. Yapime kwa uzito wa sampuli: nusu kilo mara 6 ni 3, kilo 2 mara 31 ni 62, jumla 65 gawanya kwa kilo 2.5, unapata ppb 26. Na hata hiyo 26 naichukua kama fununu, kwa sababu zote mbili ulizichota mdomoni mwa gunia, na magunia 81 au zaidi hayakuguswa.

Kwa tani 10 za nafaka, kanuni za Umoja wa Ulaya za kuchukua sampuli zinataka michoto 40 ya gramu 100 hivi, jumla kilo 4. Wewe una nafasi nzuri zaidi ya hiyo, nayo ni pale makuli wanapopakua lori. Kila gunia linapita mbele yako. Simama na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea nafaka, choma kila gunia mara moja, gramu 50 tu, weka kwenye ndoo kavu. Magunia 100 yatakupa kilo 5. Gunia la kwanza choma juu, la pili katikati, la tatu karibu na chini, kisha rudia. Bambo liingie kimshazari, mdomo wake ukiangalia chini, likifika ndani ligeuze ndipo mahindi yaingie, vuta. Ukilichoma mdomo ukiwa juu, linajaa mahindi ya ukingoni kabla halijafika katikati. Bambo fupi la wanunuzi wa mitaani halifiki moyo wa gunia la kilo 100, na moyo ndio unaobaki na unyevu. Na usimruhusu muuzaji akuchagulie gunia la kuchoma, hata akiwa shemeji yako.

Magunia yakishapangwa ghalani mpaka darini, sampuli nzuri haiwezekani tena bila kuyashusha. Hapo ningekushauri usubiri siku ya kuyasaga na uchote kikombe kwenye mkondo wa mashine kila gunia linapomiminwa. Mchoto wa unga una faida kubwa: punje moja mbovu imeshakuwa vipande mamia, kwa hiyo haikwepi kirahisi. Hasara yake unaijua, ukikuta sumu umeshasaga.

Ukisha kuwa na kilo 5, kosa linalofuata ndilo linaloua kazi yote: watu huchota gramu 200 za punje nzima kwenye ndoo, wakasaga hizo tu kwa brenda. Wamerudi pale pale kwenye bahati nasibu. Kilo 5 zote zisagwe kwanza, ndipo igawanywe. Kuparaza kama unavyoparaza mahindi ya kuku hakutoshi. Funga chekeche ndogo kabisa uliyonayo, ya milimita 1 ikiwezekana, mpaka angalau robo tatu ya unga ipite kwenye chekecheo la matundu ya milimita 0.85. Kwa mkono unasikia kama kahawa iliyosagwa. Kabla ya hapo safisha mashine, kisha pitisha kilo moja ya mahindi hayo hayo (mbali na zile kilo 5) na uitupe, maana unga wa jana uliobaki kwenye kona za mashine unaweza kuleta sumu ya mteja mwingine kwenye sampuli yako.

Mwaga unga kwenye turubai safi, changanya kwa koleo kutoka pembeni kwenda katikati, fanya lundo, libonyeze liwe bapa, ligawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kilo moja. Nusu ya hiyo ndiyo ya maabara, nusu weka kwenye friza. Vaa barakoa na glavu, fanyia nje upepo ukiwa mgongoni, na watoto wasiwe karibu. Vumbi la mahindi yenye kuvu halifai kuvutwa.

Kama kipima unyevu chako kinasoma zaidi ya asilimia 13.5, usifunge sampuli kwenye mfuko wa plastiki ukaipakia kwenye basi la Dar es Salaam. Kuvu inaweza kuendelea kufanya kazi njiani na maabara ikapima sumu iliyotengenezwa ndani ya basi. Ikaushe kivulini, weka kwenye bahasha ya kaki, ndipo isafiri.

Sasa kile kikaratasi. Sikidharau kipimo cha haraka. Kikitumika vizuri kwenye sampuli nzuri kinakupa jibu ndani ya robo saa, na kwa mnunuzi aliyesimama na lori hilo ni jambo kubwa. Lakini kina mitego yake, na mingi inaota hapa kwetu kwa sababu ya joto na unyevu wa ziwa.

Kwanza namna ya kukisoma. Kwenye kipimo cha ujauzito mstari wa pili ni habari. Hapa ni kinyume: sumu ikiwepo inazuia mstari wa kipimo usitokee. Mstari uliokolea maana yake sumu ni kidogo, ukififia sumu inapanda, ukipotea imepita kikomo cha kikaratasi hicho. Mstari wa udhibiti lazima uonekane siku zote. Usipoonekana, kikaratasi kimeharibika, tupa. Kusoma kwa macho kunakupa "chini" au "juu" ya kikomo tu. Namba kama 6 inatoka kwenye kijimashine cha kusomea, na kama kijana wako hakuwa nacho, hiyo 6 ameikadiria.

Vikaratasi vingi hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukikifungua kikiwa bado baridi kwenye chumba cha Mwanza chenye joto, mvuke unaganda juu yake, kinalowa kabla ya kazi na mstari unakuja ovyo. Kiache kwenye kifuko chake kilichofungwa mpaka kifikie joto la chumba. Muda nao ni wa saa, si wa kukisia. Ukikisoma dakika kumi baada ya muda ulioandikwa, rangi imeshabadilika.

Kisha kuna kutoa sumu kwenye unga. Mahitaji yanatofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi ndiyo bwana, lakini mpango wa kawaida wa vipimo vingi vya elisa (kipimo cha kisahani kinachobadilika rangi) ni gramu 20 za unga kwa mililita 100 za methanoli ya asilimia 70, yaani mililita 70 za methanoli na 30 za maji yaliyotoneshwa, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji. Tikisa kwa nguvu dakika 3, acha itulie, chuja, chukua kimiminika kile kiangavu cha juu. Mizani ya jikoni inayopotea gramu 2 imeshakuharibia asilimia 10 ya jibu. Chupa ya methanoli iliyoachwa wazi inapoteza methanoli kuliko maji, na baada ya wiki kadhaa siyo 70 tena, inatoa sumu pungufu na jibu linashuka. Wapo wanaotumia spiriti ya hospitali. Usikubali. Nguvu yake huijui na ina vitu vingine ndani. Na methanoli yenyewe ni sumu inayopofusha, moto wake hauonekani vizuri mchana, isikaribie jiko.

Elisa inayofanyika maabara inatumia akili ile ile ya kinyume: rangi nyingi, sumu kidogo. Kisahani kinasomwa kwenye mwanga wa nanomita 450. Vingi vimesanifiwa kwa chumba cha nyuzi ishirini na kidogo. Kwenye chumba cha nyuzi 29 bila kiyoyozi rangi inakimbia, ndiyo maana kila kisahani lazima kiwe na viwango vyake vya kulinganishia vilivyopimwa saa ile ile. Maabara inayotumia mstari wa viwango wa wiki iliyopita, ondoka.

Kipimo cha juu zaidi ni HPLC, mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja. Dondoo, yaani kile kimiminika kilichochujwa, linapunguzwa kwa maji yenye chumvi za bafa ili methanoli isiue kingamwili, linapitishwa taratibu, tone moja au mawili kwa sekunde, kwenye kolamu ndogo ya kingamwili inayonasa aflatoksini peke yake. Kolamu inaoshwa kwa maji, kisha methanoli safi inaishusha sumu, nayo inatenganishwa kuwa aina zake nne, B1, B2, G1 na G2, na kusomwa kwa mng'ao wake. Herufi hizo zenyewe zimetokana na mng'ao, buluu na kijani. B1 ndiyo kali kuliko zote.

Hapa nakaa kidogo kwa sababu wewe hununui mahindi peke yake. Unanunua pumba, mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba kutoka Shinyanga na Simiyu, dagaa na chokaa. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi inaondoka na ganda na kiini. Anayekula sembe anapata nafuu, anayekula pumba ni kuku wako. Mbegu ikikamuliwa mafuta, sumu nyingi inabaki kwenye mashudu. Kwa hiyo mahindi ya ppb 8 yanaweza kupita vizuri, na bado mchanganyiko wako ukafeli kwa sababu ya pumba ambazo hakuna aliyezipima.

Na vikaratasi vingi vimethibitishwa kwa mahindi tu. Pumba hunyonya kimiminika, gramu 20 zikikaa kwenye mililita 100 hupati cha kuchuja. Tumia gramu 10 na uzidishe jibu kwa 2, kama mtengenezaji anaruhusu. Mashudu yana rangi na mafuta yanayokoroga mstari. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, dondoo linakuwa la alikali, na kingamwili inataka pH kati ya 6 na 8. Weka karatasi ya pH kwenye dondoo kabla ya kipimo. Kama tayari umetia udongo wa kufunga sumu, ule bentonaiti, unaweza kuishika sumu hata ndani ya methanoli na kipimo kikasoma kidogo kuliko kilichomo. Pima malighafi moja moja kabla hujachanganya. Chakula kilichochanganywa, kama lazima kipimwe, kipeleke kwenye HPLC.

Turudi kwenye karatasi ya maabara yako. Angalia kama 31 ni jumla ya aflatoksini au ni B1 peke yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na watu ni jumla ppb 10, na ndani yake B1 isizidi 5. Angalia njia iliyotumika, kiwango cha chini kabisa wanachoweza kupima, na asilimia ya urejeshaji, yaani wakitia sumu ya kiasi wanachokijua kwenye mahindi safi wanairudisha kiasi gani. Kati ya asilimia 70 na 110 inaridhisha. Usishtuke kwa tofauti ndogo: kwenye viwango hivi, maabara mbili nzuri zikipewa unga ule ule, moja kusoma 8 na nyingine 12 ni kawaida. Tofauti ya 6 na 31 ni kubwa mno kwa vipimo viwili vilivyofanywa vizuri, hapo shuku sampuli kwanza. Na neno "haikuonekana" halimaanishi sifuri, linamaanisha iko chini ya uwezo wa kipimo kile. Pia kipimo cha aflatoksini hakioni fumonisini, sumu ya kuvu ya Fusarium, ambayo kwa mahindi ya watu kikomo chake ni ppm 2, yaani ppb 2,000. Hiyo inaagizwa peke yake.

Kwa Mwanza, pa kuanzia ni ofisi za kanda za TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na Mkemia Mkuu wa Serikali, na kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari. Piga simu kwanza uulize kipimo gani kinafanyika hapa hapa na kipi kinapelekwa Dar es Salaam, wanataka gramu ngapi, na kama watasaga wao au uwaletee unga.

Kuhusu magunia yako 100: kwa sasa yasiende kwa vifaranga, yasiende kwa ng'ombe wa maziwa (sehemu ya B1 anayokula inatoka kwenye maziwa ikiwa M1), na yasiuzwe kwa mtu wa unga wa ugali. Kupika hakusaidii, sumu hii inavumilia joto la jikoni. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa mahindi ya aina hii. Usiyachanganye na mazuri ili kuyapunguza makali, maana punje mbovu zitabaki na sumu yake na utakuwa na magunia 200 ya kutilia shaka.

Yashushe, chukua sampuli ya kilo 5 kama nilivyoeleza, pima upya. Ikitoka juu ya 20, chekecha vumbi na chenga, chambua punje zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizopasuka. Sumu nyingi hukaa humo, kwa hiyo uchambuzi unaweza kuishusha sana. Kisha sampuli ya tatu, kutoka kwenye yaliyochambuliwa. Usitumie sampuli ya zamani kukisia. Marekani wanaweka ppb 20 kama kikomo kwa kuku wachanga na ng'ombe wa maziwa, na 100 kwa kuku waliokomaa. Kwako kanuni ni ya TBS kwa aina ya chakula unachouza, na kwa kuku wa mayai binafsi nisingevuka 20. Makapi ya uchambuzi yachome au yafukie, yasitupwe wanapookota bata. Bata ndiye anayewahi kufa.

Vifaa vya kupimia viloweke kwenye maji ya klorini ya asilimia 1 saa kadhaa kabla ya kuosha. Jik ya dukani yenye klorini asilimia 3.5 unaipata kwa kuchanganya kikombe kimoja na vikombe viwili na nusu vya maji.

Kwa lori lijalo, sampuli ichukuliwe wakati wa kupakua muuzaji akiwepo. Kilo moja ya unga igawanywe mifuko mitatu, kila mmoja ufungwe kwa lakiri na usainiwe na nyote wawili, pamoja na tarehe, namba ya gari na idadi ya magunia. Mmoja wako, mmoja wake, wa tatu unakaa kwenye friza bila kufunguliwa. Mkibishana, huo wa tatu ndio unaokwenda maabara, na malipo ya mwisho ya mahindi yasubiri jibu lake.